Kanzu ya Yusufu haikuchanika, sasa nani ananyongwa?

Kila ikisomwa hukumu ya mauaji hapa Kigoma, jioni yake ukipita kwenye vijiwe vya kahawa pale Ujiji utakuta watu wamegawanyika makundi mawili na makundi yenyewe ni yale yale miaka yote. La kwanza linasema, "Hakuna hata mtu mmoja aliyemuona anaua, sasa wamemtia hatiani kwa lipi?" La pili linajibu, "Kama hakuua, alikuwa anakimbia nini?" Kahawa inamiminwa, kashata zinapita, watu wanabishana mpaka adhana ya isha. Mi nimeshakaa makundi yote mawili kwa nyakati tofauti, na siku hizi naona yote yanakosea, ila hili la pili ndo linakosea vibaya, maana kosa lake linamfikisha mtu kitanzini.

Tuanze na la kwanza tulimalize haraka. Sheria yetu haisemi popote kwamba lazima apatikane mtu aliyeona panga linashuka. Anayekwenda kuua haaliki watu waje kuangalia, kwa hiyo tungesubiri mashahidi wa macho tu wauaji kibao wangekuwa wamekaa na sisi hapa hapa barazani wanakunywa kahawa. Ndo maana mahakama inakubali ushahidi wa mazingira, yaani yale mambo ya pembeni: marehemu alikuwa na nani, mshtakiwa alikutwa na kitu gani, simu yake ilikuwa inasoma mnara gani, alisema nini alipoulizwa. Na mtu anaweza kutiwa hatiani kwa huo peke yake bila shahidi hata mmoja wa macho. Ila kuna sharti, tena la zamani, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililisema mwaka 1958 kwenye kesi ya Simon Musoke iliyotoka Uganda na mpaka leo majaji wetu wanalirudia kwenye hukumu zao: hayo mambo ya pembeni yawe hayapatani kabisa na mtu kutokuwa na hatia, na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya maana zaidi ya kwamba yeye ndiye kaua. Hiyo sehemu ya "maelezo mengine yoyote" naomba uishike, ndo nitakayoizungukia humu mpaka mwisho.

Na wanaodhani ushahidi wa macho ndo dhahabu wajue Mahakama ya Rufani ya kwetu Tanzania, kesi ya Waziri Amani ya 1980, ilisema kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Kulikuwa na mwanga gani, taa ilikuwa wapi, umbali wa hatua ngapi, ulimwangalia kwa muda gani, ulikuwa unamjua kabla au ndo mara ya kwanza. Mtu ametoka usingizini anasikia kelele, anachungulia dirishani, kule nje kuna kataa ka sola kamekaribia kuisha chaji, halafu mahakamani anakuambia nilimuona vizuri sana mheshimiwa. Kwa hiyo sio kwamba mazingira ni ushahidi wa daraja la tatu. Wakati mwingine ni bora kuliko jicho, kwa sababu hayana chuki na jirani na hayana hamu ya kuonekana yanajua.

Sasa nije kwenye kitu nilichokuwa nakifikiria wiki nzima. Mimi nimesoma chuo Ujiji, chuo cha Kurani namaanisha, na sura ambayo ustadh wetu alipenda kutusimulia kuliko zote ni ya Yusufu. Miaka mingi baadaye ndo nimekuja kugundua kumbe ile sura imejaa ushahidi wa mazingira mwanzo mwisho. Hesabu mwenyewe. Ndugu zake wanamtumbukiza kisimani, wanarudi kwa baba yao usiku wanalia, wameshika kanzu yake ina damu, wanasema mbwa mwitu kamla. Mzee Yaakubu hakuwaamini, na wafasiri wanasimulia aliigeuza ile kanzu akaona haina hata mchano mmoja, akashangaa, huyu mbwa mwitu gani mpole kiasi hiki, amemla mwanangu na kanzu kaivua kwanza? Kanzu ya pili, mke wa mheshimiwa anadai Yusufu ndiye kamvamia, akatokea mtu wa upande wa mwanamke mwenyewe akasema angalieni kanzu, ikiwa imechanwa mbele mwanamke anasema kweli, ikiwa imechanwa nyuma basi Yusufu ndo alikuwa anakimbia. Wakaangalia, imechanwa nyuma. Cha tatu kikombe cha mfalme, kinakutwa kwenye mzigo wa mdogo wake Binyamini, kila mtu anaona wizi, kumbe kimewekwa mle kwa makusudi kabisa.

Hicho kikombe kimefika mpaka London. Mwaka 1952 kulikuwa na rufaa ya bwana Teper, muuza duka kule Guyana ya Waingereza aliyeshtakiwa kuchoma duka la mkewe alilokuwa anafanyia biashara, na Lord Normand kwenye Baraza la Privy, lile lililokuwa linasikiliza rufaa za mwisho za makoloni, alipotaka kueleza kwa nini ushahidi wa mazingira lazima ukaguliwe kwa makini sana alikumbusha kisa hicho cha kikombe kwenye gunia la Binyamini (yeye bila shaka alikisoma kwenye kitabu cha Mwanzo cha Biblia, sio chuoni kwetu). Akasema ushahidi wa aina hii unaweza kutengenezwa na mtu ili lawama zimwangukie mwingine, na kabla hujasema mtu ana hatia hakikisha hakuna jambo lingine pembeni linalodhoofisha au kuua kabisa hiyo picha uliyoijenga. Majaji wa kwetu nao wanaitumia sana hiyo kauli.

Nilivyosimuliwa hayo nikiwa mtoto yalikuwa hadithi tu, mpaka siku yakanikuta. Hela ya chuo ilikuwa inawekwa ndani ya kopo juu ya kishubaka, siku moja ikapungua noti mbili. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka darasani, kweli. Mchana nilionekana pale stendi nakula sambusa tatu wakati kila mtu anajua kwetu hamna hela ya sambusa, kweli. Na ustadh aliponiita kwa mbali nilitimua mbio, hilo nalo kweli, watu wote wameona. Fimbo nilizokula siku ile nazikumbuka mpaka kesho. Sasa sikiliza, nilikuwa wa mwisho kutoka kwa sababu kiatu changu kimoja kilikuwa kimefichwa na wenzangu. Sambusa alinipa hela shangazi kwa kumbebea ndoo ya dagaa kutoka mwaloni. Na nilikimbia kwa sababu nilikuwa sijahifadhi somo la siku ile na nilijua ananiitia nini. Karibia na Ramadhani majamvi yakatolewa nje kukung'utwa, noti zikaonekana zimejikunja chini ya jamvi karibu na ule ukuta wa kishubaka, upepo au panya au mkono wa mtu, Mungu anajua. Vitu vitatu vyote kweli tupu na jibu lake uongo mtupu. Na huyo ustadh aliyenichapa ndiye aliyetufundisha habari ya Binyamini mwenyewe, tena kwa machozi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anauliza kama hakuua alikimbia nini, mgongo unawasha. Mtu anakimbia kwa mambo mengi. Anakimbia kwa sababu ana deni, kwa sababu hana vitambulisho na huku kwetu mpakani hilo ni jambo zito, kwa sababu kasikia wananchi wenye hasira wanakuja na hawaji kusikiliza. Kukimbia kunaweza kuwa kitu kimoja kati ya vingi, sikatai, ila peke yake kunathibitisha hofu, na hofu sio kosa la jinai.

Turudi kwenye ile kanzu isiyochanika maana nina kesi ya kuiweka ubavuni mwake. Australia, tarehe 17 Agosti 1980, kwenye kambi ya watalii karibu na ule mwamba mkubwa wa Uluru, mtoto wa wiki tisa anaitwa Azaria Chamberlain akapotea kwenye hema usiku. Mama yake, Lindy, akapiga kelele kwamba dingo kamchukua mtoto, na dingo ni nini kama sio mbwa mwitu wa Australia. Wiki moja baadaye nguo za mtoto zikaokotwa. Wataalamu wakazikagua wakasema hapa hapajachanwa na meno, hapa pamekatwa kama kwa mkasi, na mate ya mnyama hayapo. Yaani ile ile ya Mzee Yaakubu, mbwa mwitu gani huyu mpole. Wakaongeza na damu, wakasema kwenye gari la familia kuna damu ya mtoto mchanga. Mama mwenyewe alikuwa halii mbele ya kamera, watu wakaona ana roho ngumu, na dini yake ya Kisabato wakaizushia mambo ya ajabu ya kutoa kafara. Oktoba 1982 Lindy akatiwa hatiani kwa mauaji, kifungo cha maisha, na mwili wa mtoto haujawahi kupatikana wala hakuna aliyemuona akifanya lolote.

Baadaye ile "damu" ya kwenye gari ikaonekana sehemu kubwa ni ile dawa ya kupunguza kelele inayopulizwa na kiwanda chini ya bodi. Na mate? Lindy tangu siku ya kwanza alikuwa anasema mtoto alivaa kikoti juu ya nguo zile, hawakumwamini, kikoti kiko wapi. Mwanzoni mwa 1986 kikoti kikapatikana sehemu ambayo kuna mapango ya dingo. Kumbe mate hayakuwepo kwenye nguo za ndani kwa sababu juu kulikuwa na kikoti. Akatolewa gerezani, 1988 hukumu zikafutwa, na mwaka 2012 ndo uchunguzi wa mwisho ukaandika rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto.

Unaona kinachonisumbua? Hoja ni ile ile moja. Nguo haijachanika, basi hakuna mbwa mwitu. Kwa Yaakubu ilitoa jibu sahihi, kwa mahakama ya Darwin ilimfunga mama asiye na kosa. Tofauti haikuwa akili ya anayeangalia nguo, tofauti ni kwamba kule Australia kulikuwa na nguo nyingine ambayo bado haijaokotwa. Ushahidi wa mazingira hasara yake haiko kwenye vitu vilivyoletwa mezani, iko kwenye kile ambacho hakijaletwa, na kile hakina sauti, hakina namba ya kielelezo, hakuna wakili anayeweza kukiuliza maswali. Ndo maana mi sikubaliani sana na ule mfano wa kamba ambao jaji Pollock wa Uingereza aliutoa 1866, kwamba usiufikirie ushahidi huu kama mnyororo unaokatika pete moja ikivunjika, ufikirie kama kamba, uzi mmoja hauna nguvu lakini nyingi zikisokotwa zinabeba. Mfano mzuri, ila muulize mvuvi yeyote wa Kibirizi, kamba iliyosokotwa kwa nyuzi zilizooza inakatika na boti linakwenda na maji. Kila uzi peke yake lazima uwe mzima kwanza. Hapo naona majaji wetu wanaosisitiza mnyororo usiokatika wako salama zaidi.

Na sasa niguse ile kanuni ya mtu wa mwisho kuonekana na marehemu. Mahakama ya Rufani imeshasema kwenye hukumu zake kwamba mtu akithibitika ndiye wa mwisho kuonekana na marehemu, na akashindwa kutoa maelezo yanayoingia akilini, atachukuliwa kuwa ndiye muuaji. Sababu yake naielewa. Wengi tunaikumbuka ile kesi ya waigizaji Lulu na marehemu Kanumba, watu wawili chumbani, hakuna mwingine aliyeona kilichotokea mle ndani, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, miaka miwili. Chumba kina kuta nne na mlango, kuuliza aliyekuwa ndani ni haki.

Lakini ziwa halina kuta. Chukulia vijana wawili wanatoka Kibirizi saa kumi na moja jioni, giza la mwezi, wana taa zao na wavu wanakwenda kuvua dagaa. Watu kumi wamewaona wanaondoka pamoja, mama ntilie kawauzia ugali. Alfajiri anarudi mmoja. Anasema upepo wa kusi ulipiga, mwenzangu alikuwa anavuta wavu, taa ikazimika, nikasikia maji tu. Siku ya nne mwili unaelea, una jeraha kichwani. Na wiki iliyopita walikuwa wamegombana habari ya mgao wa mauzo, mwalo mzima ulisikia. Hapo umeshapata kila kitu, wa mwisho kuonekana, ugomvi, jeraha, manufaa. Ila jeraha la kichwani linaweza kuwa ubavu wa boti, au mwamba, au injini, na ugomvi wa mgao uko kwenye kila boti linaloingia majini. Maelezo "yanayoingia akilini" anayatoa nani? Kijana ambaye hajalala siku mbili, amelowa, anaogopa ndugu wa marehemu waliojaa nje, anaelezea kwa Kiha kwa askari anayeandika Kiswahili. Mara ya kwanza kasema taa ilizimika halafu upepo ukaja, mara ya pili kasema upepo ulikuja halafu taa ikazimika. Mahakamani hiyo inaitwa kujikanganya, na uongo wa mshtakiwa unaruhusiwa kuupa nguvu ushahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Tena hayo yote anayaulizwa kizimbani baada ya miaka mahabusu, kwa sababu mauaji hayana dhamana, kila akipelekwa anaambiwa upelelezi haujakamilika. Wewe unakumbuka upepo wa miaka minne iliyopita ulitokea upande gani?

Simaanishi vijana wa boti hawauani, wanauana. Ninachosema ni kwamba ile kanuni ilifaa zaidi kule kwenye kuta nne, na kuipeleka ziwani au porini kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua ambako watu siku zote wanatembea wawili wawili, ni kumgeuzia mshtakiwa mzigo ambao sheria yenyewe inasema ni wa Jamhuri.

Halafu kuna sisi wenyewe mtaani, maana mashahidi wa mahakamani wanatoka kwetu. Huu ukanda wetu, Tabora mpaka Shinyanga, bibi vizee wameuawa kwa miaka mingi kwa ushahidi wa mazingira wa macho mekundu. Macho mekundu basi mchawi. Maelezo mengine yoyote ya maana? Bibi amepika kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka sitini, hilo halikuulizwa. Na hapa Kigoma tunawajua Kamchape, hao wanaojiita wafichua wachawi, wanaingia uani kwako na umati nyuma yao, wanachimba, mara pembe hii hapa imetoka ardhini, haya, mchawi ni wewe. Kile ni kikombe cha Binyamini kabisa, aliyekizika ndiye anayekifukua. Watu wanashangilia, na watu hao hao kesho wanaitwa kutoa ushahidi kwamba marehemu na mshtakiwa "walikuwa na ugomvi wa muda mrefu". Lisemwalo lipo, tunasema. Hiyo methali ingefaa ifutwe kwenye masikio ya shahidi kabla hajaapishwa.

Wataalamu nao wasituchekee. Uingereza 1999 wakili mmoja, Sally Clark, alifungwa maisha kwa kuua watoto wake wawili wachanga, daktari bingwa kasimama mahakamani kasema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla kwenye familia kama yake ni mmoja kati ya milioni 73. Alichukua uwezekano wa kifo kimoja, 1 kati ya 8,543, akauzidisha wenyewe kwa wenyewe, kama vile watoto wa tumbo moja hawana damu moja. Aliachiwa 2003, na kufikia 2007 alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo ningependa mpelelezi akiletwa kizimbani aulizwe swali moja kabla ya yote: siku ya kwanza mlimtafuta nani mwingine? Sio mlimpataje huyu. Nani mwingine, wapi, mkamuachaje. Na yale maneno ya kwanza kabisa ya mshtakiwa pale kaunta, kabla ya maelezo ya onyo (yale anayoandikwa na polisi baada ya kuonywa), yawe yameandikwa kwa lugha yake. Na jaji akiweza aende kwenye eneo la tukio saa ile ile ya usiku asimame alipodai kusimama shahidi. Hivi havihitaji maabara.

Maana kwetu adhabu ya kuua kwa kukusudia ni moja, kunyongwa mpaka kufa, jaji hana cha kuchagua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilishasema mwaka 2019 kwamba kumlazimisha jaji hivyo kunakiuka haki ya kuishi. Kweli hajanyongwa mtu tangu katikati ya miaka ya tisini, lakini hukumu zinasomwa na watu wanaishi nayo ndani, wanasikiliza funguo zikilia asubuhi.

Na kile kikoti cha Azaria, hakuna mpelelezi aliyekwenda kukitafuta mwaka ule 1986. Kesi ilishaisha, mama yuko ndani. Kuna mtalii mmoja Mwingereza alipanda mwamba wa Uluru, akateleza akaanguka akafa, polisi wakawa wanapekua vichaka vya chini kutafuta mwili wake.